Mpaka Udongo Unukie Udongo

Shosho hakuwahi kubisha hodi kwenye nyumba yoyote ya ploti yake. Alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akaita nambari ya mlango, na aliyekuwa ndani akatoka hata kama alikuwa ameshika mwiko. Mimi nilikuwa Namba Tisa. Mke wangu pia alikuwa Namba Tisa. Tungekuwa na paka, naye angekuwa Namba Tisa.

Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, ndivyo tulivyomwita mwenye ploti tuliyopanga kule Kawangware 46, Nairobi, tulipooana. Zilikuwa safu mbili za nyumba za mabati zilizotazamana, ua mwembamba wa saruji katikati, kisima upande wa chini, na upande wa juu, karibu na lango, kipande cha ardhi tupu ambacho Shosho alikuwa anakiwekea mipango isiyokwisha. Mwaka mmoja alisema atajenga maduka, mwaka uliofuata akasema atafuga nguruwe. Sisi wapangaji tulitoka pande zote, wengi wetu kutoka Magharibi, mafundi na wachuuzi na watu wa mjengo. Yeye alikuwa hapo tangu zamani, na hakuacha mtu asahau.

"Hii ni ploti ya nani?" aliuliza kila mtu alipompinga. Swali hilo halikuhitaji jibu, kwa hiyo hakuna aliyejibu.

Nikimkumbuka sasa, kitu cha kwanza kinachonijia ni pua yake. Angesimama langoni akitoka kanisani na kusema nani amepika omena, nani ameunguza maziwa, na mtungi wa chang'aa umefichwa chini ya kitanda cha nani. Tulicheka, lakini si sana. Jioni moja alipita mbele ya nyumba ya jirani yetu mmoja, akasimama ghafla, akausukuma mlango na kutoka na meko ya gesi mikononi kama mtu aliyembeba mbuzi. Aliitupa uani. Gesi ilikuwa inavuja na mwenyewe alikuwa amelala usingizi wa uchovu na mtoto ubavuni. Jirani alipoanza kumshukuru, Shosho alimwambia anunue mpira mpya na aache kulala mchana.

Alikuwa na sheria nyingi na hakuzifuata hata moja. Jumapili hakutaka redio ya mtu yeyote isikike, ila yake ilitoa mahubiri ya Kikuyu tangu alfajiri mpaka vyombo vikatetemeka rafuni. Alikataza kuku kwa sababu wanachafua ua, huku jogoo wake mwekundu akitembea mlango hadi mlango akikagua masufuria. Mke wangu alipomuuliza kuhusu huyo jogoo, alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Huyo si kuku," akasema. "Huyo ni wangu."

Alipenda kutuambia sisi Waluhya kwamba tutamaliza unga wote wa Kenya. Alilisema hilo bila aibu, mbele ya mgeni yeyote. Lakini tulipofiwa, na katika ploti ile tulifiwa mara nyingi kwa miaka ile, mtu wa kwanza kuvuka ua na mfuko wa unga kichwani alikuwa yeye. Angeuweka mbele ya wafiwa, akae nao kimya mpaka chai yake ipoe, kisha anyanyuke na kwenda bila neno.

Samahani hakujua kuisema. Aliwahi kumgombeza mama mmoja kwa kumwaga maji machafu uani, akamgombeza wiki nzima, ndipo ikaonekana kwamba bomba lililopasuka lilikuwa lake mwenyewe. Asubuhi iliyofuata yule mama alikuta avokado tatu kubwa mlangoni. Hakuna aliyezungumza tena habari za maji. Tulielewa.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kumkodishia mwenye kampuni ya kuchimba visima kile kipande cha juu.

Sitaitaja kampuni yenyewe, na sidhani kama bado ipo. Ilikuwa na lori moja kubwa lenye mnara mgongoni, malori madogo mawili, na vijana waliochoka. Walichimba visima vya maji kwenye mitaa ya wenye pesa ng'ambo ya barabara, na jioni walirudi kulaza mashine kwetu. Mke wangu alikuwa wa kwanza kumwendea Shosho.

"Shosho, hayo magari yanamwaga mafuta."

"Hii ni ploti ya nani?"

Mke wangu akarudi ndani.

Mimi nilijua kidogo zaidi ya wengine kuhusu jambo hilo, na kujua kwenyewe hakukunipa amani. Kabla ya kurudi Nairobi na kuwa fundi wa kuchomelea, nilifanya kazi kule kaskazini, Turkana, kwenye visima vya kutafuta mafuta. Sikuchimba. Nilikuwa upande wa kusafisha. Mashine inapochimba chini sana, hutoa vipande vya mawe na udongo vilivyolowa matope yenye mafuta, na vipande hivyo haviwezi kutupwa hivyo hivyo. Vilipita kwenye chekeche kubwa inayotikisika, halafu kwenye pipa linalozunguka kama mashine ya kufulia, kisha kwenye tanuri lililoyapika mafuta mpaka yakatoka kama mvuke. Mwishoni ilibaki unga wa kijivu, mkavu, usio na harufu. Mimi nilikuwa na koleo. Nilivaa suti nyeupe na barakoa na kulisha tanuri. Nilichojifunza pale ni kimoja: mafuta yakiingia kwenye udongo hayatoki kwa kuombwa.

Kwenye ploti yetu hakukuwa na chekeche wala tanuri. Bomba la kuchimbia liliponasa ardhini, vijana walimwaga dizeli ndani ili lilegee. Mipira ya mashine ilipopasuka, mafuta yake yalichanganyika na matope. Matope hayo waliyaleta jioni kwenye mapipa, na mwenye kampuni, akiona ghali kuyapeleka panapostahili, aliwaambia wachimbe shimo kando ya ukuta wamwage humo. Walifunika kwa mabati. Tulinusa, Shosho akanusa kuliko sisi wote, lakini alikuwa ameshasema ploti ni ya nani, na kurudi nyuma hakukuwa desturi yake. Alifunga madirisha yake ya upande ule.

Siku moja malori yalitoka asubuhi na hayakurudi. Simu ya mwenye kampuni ikawa haipatikani. Shimo likabaki.

Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Mawingu ya mvua ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Ngong. Asubuhi moja alichota maji kisimani, akaiweka ndoo uani, na nilipotoka nilimkuta ameinama juu yake, mkono mmoja tumboni.

"Njoo uone," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Nilikuwa nimeuona utando kama huo mara nyingi huko kaskazini. Kabla sijamwambia, Shosho alikuwa ameshasimama nyuma yetu na gamboti zake za mpira.

Aliinama, akanusa ndoo. Akanusa tena. Akaingiza kidole, akakinusa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, pua ile ilionekana kutokuwa na uhakika. Alimtazama mke wangu tumboni, kisha akapanda juu mpaka ukutani, akavuta mabati ya shimo kwa mikono yake. Harufu ilishuka ua mzima. Watoto walikimbia ndani.

Alisimama ukingoni muda mrefu. Halafu akaenda nyumbani kwake, akafungua kufuli ya mlango wake mwenyewe, akashuka nayo mpaka kisimani na kuifunga kwenye kifuniko.

"Hakuna mtu anakunywa hii maji," akasema. "Mtachota kwa tangi yangu. Nimesema ama sijasema?"

Tangi lake la juu ya nyumba hakuwahi kumgawia mtu yeyote. Siku hiyo alitoa mpira dirishani na kuuacha uani, na kila mtu akachota.

Kisha akaita. Hakuita Namba Tisa.

"Atiriri, sikia, Fundi. Wewe si ndio ulikuwa unaosha matope ya mafuta huko Turkana?"

"Nilikuwa wa koleo tu, Shosho. Mashine ndio zilikuwa zinaosha."

"Koleo iko?"

"Iko."

"Basi lete. Mashine tutakuwa sisi."

Wapangaji walitoa mawazo mengi. Mmoja alitaka tuwashe moto. Mwingine alisema tununue sabuni ya unga, tumwagie na kuvuta mpira wa maji, kila kitu kiende mtaroni. Shosho aliwasikiliza wote, jambo ambalo lenyewe lilitutia wasiwasi, kisha akampigia simu mwanamke mmoja aliyeimba naye kwaya kanisani, mwalimu wa kemia katika chuo cha ufundi. Mwalimu alifika mchana huohuo, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya njiani.

"Moto hapana, mtavuta moshi nyinyi na majirani," alisema. "Na sabuni ndio mbaya zaidi. Sabuni itayachukua mafuta iyapeleke chini, mpaka kwa maji. Yale yanaelea, chota uweke kwa mapipa yenye kifuniko. Matope muyatoe yote, muyatandaze juu ya nailoni nene, mjenge paa mvua isiguse. Halafu mchanganye na mbolea ya kuku na maranda ya mbao, mgeuze kila mara. Kuna vidudu vidogo ndani ya mbolea vinakula mafuta. Polepole, lakini vinakula."

Kisha akaomba kuona maji ya kisima. Alichukua kijiti, akauchoma ule utando. Ukavunjika vipande vipande, kama kioo. Akauchoma tena.

"Mafuta huwa yanaungana tena ukiyagawa," akasema. "Hii imevunjika. Inaweza kuwa ni kutu ya chuma tu. Lakini sitasema kabla ya kupima."

"Usinifariji," Shosho akamwambia.

"Sikufariji. Nachukua maji kwa chupa naenda kupima."

Akaenda nayo. Mashine ya chuo chao ilikuwa na foleni, na ikatubidi tungoje. Kungoja huko ndiko kulikomfanya Shosho kuwa mtu niliyemwona siku zile.

Kabla hatujachimba, alitaka kwanza mwenye kampuni ayachukue mafuta yake. Alifahamu ofisi ilipo, ghorofa ya pili ya jengo moja lenye lifti isiyofanya kazi. Alivaa gauni lake la kanisani na kofia, akajaza ndoo ndogo matope ya shimo, akaifunika vizuri. Mimi niliibeba. Tulipofika, msichana wa mapokezi alituambia bosi hayuko.

"Sawa," Shosho akasema. "Nitangoja. Nimemletea mzigo."

Alikaa kwenye kochi, akaweka ndoo kwenye zulia, akatoa kifuniko. Akafungua kitabu cha nyimbo na kuanza kusoma, midomo ikicheza. Harufu ilijaza chumba. Wateja wawili waliingia, wakatazamana, wakatoka. Msichana wa mapokezi alifungua dirisha, halafu akafungua la pili, halafu akaenda kubisha mlango wa ndani.

Mwenye kampuni alitoka. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe Shosho, amepungua mwili tangu siku alipokuja kutuonyesha lori. Alisema kazi zilikuwa zimekufa, mashine ilikuwa imechukuliwa, alikuwa na mpango wa kuja.

"Mama, ungenipigia tu simu tukaongea," akasema.

"Simu haina harufu," Shosho akamjibu. Hakupaza sauti. "Sikukuletea maneno, kijana. Nimekuletea mali yako. Iliyobaki iko kwangu, na kuna msichana ana mimba anakunywa maji chini yake. Utatuma gari ya watu wenye kibali ya kubeba mafuta chafu, ama nije kesho na ndoo kubwa?"

Kijana alitazama zulia. Kisha akasema atatuma.

Tuliondoka. Ndoo Shosho aliiacha palepale. Kifuniko alikibeba, maana, aliniambia ngazini, kilikuwa cha sufuria yake.

Gari lilikuja kweli, lenye maandishi ya kibali ubavuni, na vijana waliovaa kama nilivyovaa mimi kaskazini. Walichukua mapipa ya mafuta tuliyochota juu ya shimo. Matope wakatuachia, maana hayo hawakulipwa kuyachukua. Hapo ndipo tulipoanza.

Shosho alinunua barakoa na glavu kwa kila aliyejitolea, akamkataza mke wangu kusogea karibu, akamhamishia kwa jirani wa upande wa chini wakati wa mchana. Yeye mwenyewe aliingia shimoni na gamboti. Nilimwambia atoke, yeye ni mtu mzima.

"Mimi ndio nilisema ndiyo kwa hao watu," akanijibu. "Si wewe."

Hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na samahani kati ya yote niliyowahi kumsikia akisema.

Tulichimba, tukabeba, tukatandaza. Ulikuwa udongo mweusi, mzito, unaoshika koleo. Ukutani ulikuwa umeloa mbali kuliko nilivyotarajia. Kila tuliposhuka kidogo, Shosho alishusha barakoa, akachukua kiganja cha udongo wa chini, akaufikicha na kuunusa.

"Bado."

Tulichimba tena.

"Bado."

"Tutachimba mpaka wapi, Shosho?" jirani mmoja akamuuliza, amechoka.

"Mpaka udongo unukie udongo."

Mvua ilikuwa inakaribia, ungeweza kuihisi kwenye magoti. Mke wangu usiku alilala akitazama ukuta, na mimi nilijifanya nimelala. Tulikuwa tumekunywa maji yale kwa muda gani? Hatukujua. Kliniki walimpima wakasema mtoto anacheza vizuri, lakini maneno ya kliniki hayakuweza kuingia mahali ambapo hofu ilikuwa imeshakaa.

Shimo lilipofika kiunoni mwangu, rangi ilianza kubadilika. Weusi uliisha kwa upande mmoja, kisha mwingine, na chini yake ukatokea udongo mwekundu, ule mfinyanzi mgumu wa Kawangware unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Koleo liligonga likakataa. Shosho aliinama, akakwaruza kwa kucha, akanusa. Akanusa mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Fundi, nusa."

Nilishusha barakoa. Ulinukia kama shamba la nyumbani asubuhi. Niliunusa tena ili niwe na hakika.

"Ni udongo," nikasema.

"Ni udongo," akasema. Alikaa chini palepale shimoni, gauni lake la kazi likichafuka, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa udongo na kufumba macho. Hakuna aliyethubutu kumwambia anyanyuke. Tulimwacha mpaka mwenyewe akaomba mkono.

Mwalimu alituambia baadaye kwamba mfinyanzi ule ndio uliotusaidia. Ulikuwa umeyazuia mafuta kama sakafu. Lakini mvua ya masika ingejaza shimo, na shimo lingefurika, na maji yangetelemka ua mzima mpaka kwenye mdomo wa kisima. Ilinyesha siku chache baada ya sisi kulijaza shimo udongo safi na kulishindilia. Shosho alisimama mlangoni kwake akitazama maji yakipita uani. Yalikuwa mekundu, yenye majani na karatasi, maji ya mvua ya kawaida kabisa. Aliyatazama kama mtu anayetazama sinema.

Jibu la kisima lilikuja Jumapili. Mwalimu aliingia langoni akiwa bado na joho la kwaya.

"Hakuna mafuta," akasema kabla hajafika katikati ya ua. "Hata kidogo. Ni kutu ya bomba la zamani la kisima na vidudu vinavyokula chuma. Mbadilishe bomba tu. Maji yalikuwa salama siku zote."

Mke wangu alikaa kwenye kizingiti na kulia, kilio kile cha kutua mzigo, mpaka jirani akamletea kitambaa. Shosho alitoa ufunguo kifuani, akafungua kifuniko, akachota, akanywa kikombe kizima mbele yetu sote bila kupumua. Alipomaliza alijifuta mdomo, akaingia kwake na kufunga mlango. Ilikuwa Jumapili na redio yake haikusikika mpaka jioni.

Rundo la matope lililala chini ya paa la mabati kwa miezi, likigeuzwa na mbolea na maranda. Polepole harufu ilipungua, ikawa ya karakana, kisha ya pipa kuukuu, kisha haikuwepo. Shosho alitaka kulipandia sukuma wiki. Mwalimu akakataa kabisa, akasema udongo ule uwekwe chini ya saruji, usiguse chakula. Waligombana uani kama ndugu. Nilimtazama Shosho nikingoja aulize ploti ni ya nani. Hakuuliza. Aliagiza saruji, na udongo ule ukawa chini ya njia mpya ya kutoka langoni.

Mtoto wetu alizaliwa salama, msichana, mnene, mwenye kelele. Katika ploti ile kila mtoto aliyezaliwa Shosho alimwendea yeye mwenyewe na bakuli la njahi, yale maharagwe meusi ambayo Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua, akamshika mtoto, akamgeuza huku na huku, akatoa maoni yake kuhusu masikio. Kwetu njahi zililetwa na jirani. Shosho hakuja. Tulingoja wiki, tukangoja mwezi. Tulipokutana uani alimsalimia mke wangu akitazama pembeni, akapita haraka. Mke wangu aliumia sana. Alidhani Shosho anamlaumu kwa fujo yote ile, au kwamba baada ya yote sisi ni wapangaji tu.

Baadaye mwanawe alichukua usimamizi wa ploti, na Shosho, miguu ikiwa imeanza kumsumbua, akaenda kukaa kwa binti yake, mtaa wa Nyayo Highrise. Sisi nasi tulihama. Mke wangu alipata kipande cha kulima kule Silanga, karibu na bwawa, na kibanda cha kuuzia mboga kando ya wauza makaa. Tukahamia huko huko Kibera, na maisha yakaendelea. Miaka ilipita bila kumwona.

Ilikuwa Jumamosi mwaka huu. Nilikuwa nimeenda kibandani kurekebisha meza. Nilimwona akitelemka njia ya kutoka Highrise, anatembea na mkongojo, amepungua, lakini anawaamuru wapita njia wampishe kama zamani. Aliuliza bei ya managu kabla hajainua uso. Alipoinua akamwona mke wangu.

"Namba Tisa," akasema.

"Shosho. Habari ya siku nyingi?"

"Ni kuzeeka tu." Hakuchukua managu. Alikuwa anatazama nyuma yetu, ambapo binti yetu alikuwa anaruka kamba na wenzake, akihesabu kwa sauti na kuwadanganya kwenye hesabu. "Ni huyo?"

"Ni huyo," mke wangu akasema.

Shosho alimtazama muda mrefu.

"Anasikia vizuri?"

"Anasikia hadi yale hatumwambii."

"Na kifua? Akikimbia hivyo hakohoi?"

"Hakohoi, Shosho."

"Shuleni anashika?"

"Ni wa tatu kwa darasa. Mdomo ndio humrudisha nyuma."

Shosho alitafuta mahali pa kukaa. Nilimsogezea kiti changu. Alikaa, akashika mkongojo kwa mikono miwili.

"Maji yalikuwa safi," akasema. "Hiyo mwalimu alisema, nikaamini. Lakini hewa je? Ile harufu ilikuwa kwa ploti miezi mingapi, nikifunga dirisha langu, na huyu akiwa tumboni? Siku mlimleta kutoka hospitali nilikuja na njahi. Nilifika kwa mlango wenu, nikasikia analia, nikarudi. Nikampa jirani alete. Nilisema, nikimwona ana kasoro nitafanya nini? Nitaweka wapi macho?"

Mke wangu alikuwa ameshika fungu la kunde mkononi. Aliliweka chini.

"Si ungeniuliza tu, Shosho."

"Niliogopa," Shosho akasema. Ni neno ambalo sikuwahi kufikiri analo.

Mke wangu alimwita binti yetu. Alikuja mbio, jasho usoni, akiwa na hasira kwa kukatizwa mchezo. Shosho alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akamtazama macho, akamfungua kinywa, akamwangalia masikio kwa makini kama mtu anayechagua viazi.

"Masikio ni ya baba yake," akasema. "Haidhuru."

Msichana akacheka, akajitoa mikononi mwake na kurudi kwenye kamba. Mke wangu alimmiminia Shosho chai kutoka kwenye chupa yetu. Alikunywa nusu. Aliuliza habari za jirani huyu na yule, akakosoa jinsi tulivyofunga mafungu ya mboga, kisha maneno yakawa mafupi, kisha yakaisha. Nilipogeuka alikuwa amelala kwenye kiti, jua la asubuhi usoni, kinywa wazi kidogo, mkongojo umeangukia magunia ya makaa.

Mke wangu aliokota mkongojo, akauegemeza taratibu kwenye meza. Tuliuza mboga kwa kunong'ona. Wateja wakapunguza sauti nao bila kuambiwa. Muuza makaa wa kibanda cha pili alinyoosha shingo akatutazama.

"Huyu shosho ni wenu?" akauliza.

"Ni wetu," nikamwambia.